Mama Huyu Hapa

Sweta la mwanangu linapokaukia karibu na jiko, harufu yake ya sufu na moshi hunirudisha Njombe, nyumbani kwa mdogo wake marehemu mama. Ndiye aliyetulea mimi na kaka yangu, na tulimwita mama tu.

Asubuhi moja ya ukungu walikuja watu wa kanisa waliokuwa wakisomesha yatima. Mchungaji alikuwa na fomu. Akaniuliza, "Mama yako yuko wapi?"

"Huyu hapa," nikasema, nimeshika kitenge chake.

Kalamu ikasimama. Mchungaji akaanza kukunja fomu.

Mama akafuta unga mikononi, akautoa mkono wangu kwenye kitenge taratibu.

"Mimi siyo mama yao, Mchungaji. Mama yao alishafariki. Andika hivyo."

Tukaandikwa wote wawili.

Siku ya kwenda shule Makambako alinifunga vifungo vya sweta jipya, kimoja kimoja, huku basi likipiga honi. Niliogopa kukosea tena mbele ya Mchungaji, aliyekuja kutuchukua.

"Kwaheri, mama mdogo," nikamwambia.

Kifungo cha mwisho nilijifungia mwenyewe, ndani ya basi.