Wiki Saba Bila Mizani

Kituo kizima cha utafiti wa mifugo kilimwita Mizani, hata mkurugenzi, na yeye mwenyewe alishazoea kiasi kwamba akiitwa kwa jina lake halisi alichelewa kugeuka. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kila Jumatatu asubuhi kuwapandisha ndama kwenye mizani ya chuma, mmoja mmoja, na kuandika kilo zao. Daftari lilipanda ghorofani kwa Daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa, ambaye hakuwa daktari wa kutibu bali wa hesabu. Yeye aliziingiza kilo zile kwenye kompyuta akitafuta mlinganyo: ukiupa umri wa ndama, ukwambie atakuwa na uzito gani wiki ijayo, na ale nini aufikie.

Mwaka wa jaribio kubwa, ndama arobaini, mizani ikafa. Ikafa wiki ileile ndama walipoachishwa maziwa na kuanza kulishwa majani tu, bila pumba. Fundi akasema kipuri kimeagizwa, wavute subira. Daktari alikuwa safarini, na kwenye simu alisema maneno yaliyomkaa Mizani kichwani: "Pengo likiwa refu tunaanza upya, na sijui kama watatuachia wafanyakazi walewale."

Mkataba wa Mizani ulikuwa unakaribia kuisha. Akamjibu kuwa ameazima mizani nyingine, pengo halitakuwapo.

Wiki ya kwanza alikisia kwa macho, na macho yake hayakuwa mabaya. Wiki ya pili mvua iligeuza zizi kuwa tope la magotini, akabaki ofisini na kalamu. Huyu aongezeke kilo nne, huyu tatu na nusu, yule nne na robo. Dirishani aliwaona ndama wamejikunyata, mbavu nje nje, lakini daftari lilishapanda, na kulishusha kungetaka maelezo. Wiki saba zikaenda hivyo. Kipuri kilipofika, ndama walikuwa nyuma ya daftari kwa kilo ishirini nzima kila mmoja! Ikambidi aendelee kudanganya miezi miwili zaidi, mpaka majani mapya yalipowanenepesha na wao wakalifikia daftari.

Mlinganyo ukatoka mzuri ajabu. Kutokana nao likachapishwa jedwali: ndama akishaachishwa, majani yanamtosha, pumba si lazima. Maafisa mifugo wakalifundisha, maduka ya vyakula vya mifugo yakalibandika ukutani. Mizani akapata ajira ya kudumu na cheti chenye fremu.

Miaka mitatu baadaye dada yake mkubwa akamjia ofisini, viatu vimejaa matope, na karatasi mkononi.

"Mdogo wangu, nisomee hapa. Labda nimeelewa vibaya."

Lilikuwa jedwali.

"Umeelewa vizuri, dada."

"Basi mbona mmoja amekufa jana, na wa pili hasimami? Nimefuata kila mstari. Nilijua ni kazi ya mikono yako, nikasema hili haliwezi kunidanganya."

Mizani akamwambia ampe yule aliyebaki pumba na maziwa, arudi nyumbani haraka. Hakumwambia sababu. Alipomwona anavuka lango akikimbia na umri wake ule, akapanda ngazi kwenda kwa Daktari na kumwaga yote, amesimama, kofia mkononi.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ndama wa kweli wiki moja hupanda, nyingine huteleza. Wako walipanda kama askari gwarideni. Niligundua jedwali likiwa tayari kwa mchapaji. Nikajiambia nitasema kesho." Akacheka bila furaha. "Kesho yangu ina miaka mitatu sasa."

Wakaenda wote wawili kwa mkurugenzi. Yeye hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifunga mlango, akasema jedwali haliondolewi mpaka jaribio jipya likamilike, miaka miwili, na kwamba hadi hapo hakuna wa kufungua mdomo. Na Mizani asifikirie kuacha kazi, kwa sababu atakayeacha ndiye atakayebeba lawama peke yake.

"Rudi kwenye mizani yako," akamalizia.

Akarudi. Zizi lilelile, kiti kilekile. Jumapili alikwenda kwa dada yake na kumweleza kila kitu. Ndama wa pili alikuwa amenusurika. Dada hakumtukana, alimpa maji ya kunywa akiwa nje, wala hakumkaribisha ndani, na tangu siku ile humwita Mizani kama watu baki.

Simu za wafugaji ziliendelea kuunganishwa kwake, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi wa ndama. Alishaamua kuwa kwenye simu hizo pia hatamtii mkurugenzi. Juzi alipiga mzee mmoja, ndama wake wamekonda.

"Wape pumba, mzee wangu," Mizani akamwambia kwa sauti ya chini, jicho mlangoni. "Hilo jedwali liache."

"Niliache? Limeandikwa na wasomi hili!"

"Najua, lakini—"

"Wewe nani hata ubishane na wataalamu? Nipe mkubwa wako."

Mizani akamwomba tena, safari hii akimbembeleza kabisa, awape pumba japo kibaba kimoja asubuhi. Mzee akakata simu.