Bwanangu Anamsifu Fundi wa Stima, Mimi Ananikataza

Admin, tafadhali ficha jina langu, bwanangu anafuata hii page. Mimi ni mama wa miaka 35, naishi Bahati. Nafuga kuku. Vifaranga wangu wako kwa kibanda nyuma ya nyumba, karibu na sukuma wiki, na nimekuwa nikiwapasha joto na jiko la makaa. Juzi bwanangu akakubali tuvute stima kutoka kwa nyumba hadi huko.

Fundi alipofika nilishtuka. Msichana mrembo, overall imemkaa, pikipiki ni yake. Nimwite Chebet. Bwanangu, ambaye hata kunishikia ndoo hawezi, alichukua jembe akachimba mtaro wa kupitisha waya akicheka kama kijana. “Huyu msichana ni moto! Mafundi wanaume wote niliowahi kuleta hapa hawamfikii,” aliniambia. Mbele yangu! Wivu ulinishika. Chai nilimpelekea ya rangi, na maziwa yalikuwa tele jikoni.

Alasiri bwanangu akatoka kidogo. Chebet akaniita kibandani. “Mama Joy, nishikie hizi nyaya.” Nikamshikia, halafu mdomo ukaniponyoka: “Hiyo ya kijani na manjano ni ya earth, ile inaenda ardhini.” Akaniangalia. “Umesomea hii kazi?”

Nikamwambia. Nilisoma electrical muhula mmoja kabla ya kuolewa. Bwanangu aliniahidi nitarudi mtoto akikua. Joy sasa amenishinda urefu, na hiyo stori ilikufa.

Chebet alihakikisha stima imezimwa kwa nyumba, akanipa bisibisi. Nikafunga swichi na holder ya ile taa ya joto mwenyewe, yeye akikagua kila waya. Alipowasha, taa ikawaka, vifaranga wakakimbilia joto. Nililia. Hapo ndipo nilijua wivu ulikuwa wa nini. Nilitamani ile overall. Nilitamani kuitwa fundi.

Bwanangu aliporudi akampigia Chebet makofi. Chebet akasema, “Hii amefunga mama Joy.” Bwanangu akacheka, “Wacha mchezo.”

Kabla aondoke, Chebet aliniambia ana kazi ya nyumba kadhaa huko Kabazi na anatafuta msaidizi, atanifundisha na kunilipa. Nilimwambia bwanangu tukila. Akaweka kijiko chini.

“Mke wangu apande ngazi watu wakiangalia? Unataka kuniaibisha?”

“Na Chebet je? Si umemsifu siku nzima?”

“Chebet si mke wangu.”

Tangu hapo hatuongei vizuri. Ameapa nikienda nisirudi kwake. Ni baba mzuri kwa watoto, sitaki kuvunja nyumba. Lakini nikiingia kwa kile kibanda nikibonyeza swichi, roho inaniuma vibaya sana.

Chebet atapitia hapa Jumatatu asubuhi. Wenye mmepitia haya, niambieni ukweli bila matusi: nipande hiyo pikipiki, ama nimwambie aende tu?