Shikamoo za Baba Imakulata

Hapa Mtendeni ukimuulizia Kornel, watu watakuuliza Kornel yupi. Ukisema Baba Imakulata utaonyeshwa kwa kidole: yule pale, chini ya bati, kando ya meza yangu ya vitenge, mwenye beseni la maji machafu mbele yake na tyubu shingoni. Ni fundi baiskeli. Tumekaa jirani miaka mingi, mimi na vitenge vyangu, yeye na pancha zake, na mafuta yake ya mnyororo yameshaniharibia doti mbili nzuri ambazo sijamsamehe mpaka leo.

Mkewe, Theodora, alifariki mtoto akiwa bado hajaanza shule. Ndugu zake wa kijijini walikuja kumchukua binti wakamlee. Walimwambia Kornel mwanamume hawezi kusuka nywele. Akajibu kwamba atazinyoa. Na kweli akawa anamnyoa mwenyewe kila Jumamosi, hapohapo kijiweni, kwa wembe na beseni jingine la maji safi, mtoto ameinamisha shingo na mdomo haufungi. Jina la Kornel likafia hapo. Kanisani, sokoni, kwenye jumuiya, alikuwa Baba Imakulata, na ukimwita hivyo alikuwa ameshaitika kabla hujamaliza.

Imakulata na binti yangu Najiat walisoma darasa moja, chini ya Mwalimu Recheli. Huyu ni binti wa Kaliua, Mmoraviani, aliletwa kwetu akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni. Alianza na watoto wetu darasa la kwanza, akapanda nao mpaka la nne, na ndiye aliyefungua kundi la wazazi la Whatsapp.

Makundi ya namna hiyo nayajua. Sikukuu ikikaribia, mmoja anatuma picha ya waridi na mshumaa aliyotumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Mwingine anatangaza viatu vya mtumba. Wa tatu anajibu amina bila kusoma. Mwalimu Recheli hakuwa mtu wa waridi na mshumaa. Kila mkesha wa sikukuu alimwandikia kila mzazi peke yake, akamwita kwa jina la mtoto wake, na akaongeza neno moja kuhusu huyo mtoto. Mimi Idi iliyopita aliniandikia: “Idi Mubarak, Mama Najiat. Najiat siku hizi anasoma kwa sauti, hajifichi tena nyuma ya wenzake. Mle mshibe.” Ujumbe kama huo huufuti. Nimebadilisha simu, nikamwomba kijana wa dukani ahakikishe haupotei.

Sasa huyu jirani yangu alikuwa na kituko chake. Kila asubuhi ya Jumatatu aliandika kundini: “Shikamoo Mwalimu.” Mtu ana mvi, anamwamkia shikamoo binti ambaye yeye angeweza kumzaa. Wazazi wakacheka wakachoka. Mwalimu Recheli naye akawa amewekwa pabaya, maana akiitikia marahaba anaonekana hana adabu, asipoitikia ndiyo kabisa. Basi akawa anajibu: “Shikamoo wewe, Baba Imakulata.” Hapo jirani yangu haitikii, na Jumatatu inayofuata anaanza upya.

Siku moja, kwenye kikao cha wazazi, Mwalimu akamkabili, kwa upole, mikono yote miwili mbele.

“Baba, unanitia aibu. Mimi ni mtoto wako.”

“Siamkii umli, Mwalimu,” akasema. “Naamkia kazi. Wewe umemshika mwanangu mkono, mimi sijui hata ule mlango wa chuo ukoje.”

“Basi nami nikikuamkia, uitikie.”

Akafikiri, akacheka. “Shikamoo zako niwekee. Siku Imakulata akimaliza dalasa la saba, nitaziitikia zote kwa mpigo.”

Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo anavyosema. Ulimi wake ni wa Kinyamwezi, r inapita kwa mbali sana. Kwenye simu ungeweza usijue, kwani aliyekuwa anaandika ni Imakulata. Baba anatamka huku anakaza spoku, mtoto anaandika amekaa juu ya kopo la rangi. “Baba, siyo kalibu, ni karibu.” “Si ndivyo nilivyosema?” “Hukusema hivyo.” Nilikuwa nayasikia haya kila wiki, na nilikuwa nikiwaambia wapunguze kelele, wateja wangu wanashindwa kuchagua.

Imakulata alifariki mwezi wa kumi. Ilianza homa ya kawaida, akapewa dawa, akapata nafuu, akaja kijiweni akakaa juu ya kopo lake. Kisha malaria ikampanda kichwani. Alilazwa hospitali ya Kitete siku chache tu. Sitaandika zaidi ya hapo, maana nilikuwepo wodini na sitaki kurudi humo.

Mazishini Mwalimu Recheli alikuja na darasa zima. Watoto waliimba, Najiat hakuweza. Mwalimu alimshika Kornel mikono yote miwili. Kwenye kundi tulipeana pole kwa siku kadhaa, halafu tukarudi kwenye sare za shule na mtihani wa darasa la nne. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa Kornel kundini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsemesha. Alibaki humo anasoma habari za watoto wa watu. Jumatatu zilipita bila shikamoo, na ajabu ni kwamba wale waliokuwa wanamcheka ndio waliokuwa wanaingia kuchungulia.

Alirudi kazini. Kopo la rangi liko palepale, halikaliwi. Mteja mmoja alitaka kulivuta akae, nikamwambia pale pana mtu.

Shule zilipofungwa Mwalimu Recheli akapanda treni kwenda kwao Kaliua. Mkesha wa Krismasi salamu zake zikaanza kuingia kama kawaida yake. Mimi Mwislamu Krismasi huwa ananiandikia mapumziko mema, nikasoma, nikafurahi. Najiat ameshika hesabu za kugawanya, ndivyo alivyosema. Nilikuwa bado natabasamu pale Kornel alipoweka spana chini na kufuta mikono yake kwenye kaptula. Anasoma polepole, kwa kufuata na kidole. Alimaliza, akarudi mwanzo. Kisha akaja mezani kwangu.

“Mama Najiat, hebu nisomee. Labda nimekosea.”

Ilikuwa imeandikwa: “Krismasi njema, Ndugu Kornel. Mungu akupe faraja na nguvu.”

Nikamsomea. Akaniangalia kana kwamba iko sehemu nimeiruka.

“Nimekuwa Ndugu lini?” akauliza.

Ndugu ni neno zuri, kwenye mkutano. Lakini kwenye maandishi sisi watu wadogo huitwa Ndugu pale ofisi inapotuandikia kututaka tuhamishe vibanda. Na lile jina Kornel, mara ya mwisho kulisikia ni siku padri alipomzika Theodora. Nikasema Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Akasema anajua, yule binti hana ubaya.

“Ila, Mama Najiat, wiki nzima nilikuwa nangoja hii. Nilikuwa nasema, watu wote wanaona haya kulitaja jina la mtoto, ila Mwalimu atalitaja. Mwalimu kila sikukuu hulitaja.” Akaitazama simu tena. “Kama na yeye amelifuta, mimi sasa ni baba wa nani?”

Alikusanya vifaa vyake mchana kweupe, siku ambayo baiskeli za wanaokwenda vijijini kula sikukuu zilikuwa zimejipanga, akaondoka. Krismasi hakwenda kanisani. Niliambiwa na watu wa jumuiya yake. Nikampelekea pilau, akaipokea mlangoni, akashukuru vizuri, na hakunikaribisha ndani. Hasira zikanipanda, na mimi nikiwa na hasira huwa sizungushi maneno. Nilipofika nyumbani nikampigia Mwalimu Recheli.

Hakukataa. Alisema aliandika “Baba Imakulata” akafuta, akaandika tena akafuta. Alisema watoto wote wa darasa alikuwa na neno la kusema juu yao, akafika kwa Imakulata akakwama, maana neno lolote lilikuwa la jana. Mama yake ndiye aliyemshauri aandike Ndugu, akamwambia ni heshima.

“Niliogopa kumtonesha, Mama Najiat.”

“Utamtonesha vipi, na kidonda hakijafunga?” nikasema. “Mwalimu, yule mtu hana mke, hana mtoto, amebakiwa na jina. Wewe umemnyang'anya kwa heshima.”

Nikamsikia analia. Sikumbembeleza. Nilikaa na simu sikioni mpaka alipomaliza, nikamwambia asalimie kwao, nikakata.

Siku zikapita, hakuna kitu. Nikaanza kusema moyoni kwamba nimewaharibia wote wawili. Mkesha wa mwaka mpya haukuleta salamu yoyote kwa mtu yeyote, na wazazi wengine wakauliza kundini kama Mwalimu ni mzima.

Tarehe mosi Kornel alifungua kijiwe. Nami nilikuja, si kwa biashara, nilitaka kumwona. Tulisalimiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka, tukatakiana heri ya mwaka kwa adabu, tukakaa. Simu yake ilipolia aliichukua bila haraka. Nikaona kidole kinaanza kutembea. Safari hii hakurudi mwanzo. Alifika mwisho, akanipa simu, nikasoma mwenyewe.

“Shikamoo, Baba Imakulata. Heri ya mwaka mpya. Nilikuita kwa jina ambalo si lako kwa sababu niliogopa kulia, naomba unisamehe. Imakulata akimaliza kazi yake alikuwa anahamia kwa asiyejua, anamwonyesha kwa kunong'ona ili wenzake wasimcheke. Mwaka mzima nilijifanya sioni. Namkumbuka sana.”

Nilimrudishia simu. Kornel alilia. Alilia kama watu wanavyolia wakiwa peke yao, na sokoni watu wakapita wakageuza nyuso, wengine wakasimama mbele ya meza yangu wakishikashika vitenge ambavyo hawakuvitaka, ili wamkinge. Ndipo nilipokubali kwamba Mtendeni kuna watu.

Alipotulia nikamwambia, “Lete nikuandikie jibu.”

“Hapana. Nitaandika.”

Akafuta vidole kwanza, kimoja kimoja, kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole. Akaishika simu kwa mikono yote miwili. Nilijua ataandika nini, au nilidhani najua. Nilidhani ni ile ile ya Jumatatu zote, shikamoo Mwalimu, na Mwalimu atajibu shikamoo wewe, na wataendelea na ubishi wao, na dunia itakuwa imerudi kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi.

Ilimchukua muda mrefu. Mteja alikuja na tairi, nikamwonyesha kwa mkono angoje. Kornel alibonyeza, akasogeza simu mbali na macho, akaitazama, kisha akaigeuza upande wa lile kopo la rangi, kama mtu anayetaka kukaguliwa. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. Mkono ulibaki hapo, halafu akauhamishia kwangu.

“Nimepatia?”

Kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili tu: “Malahaba mwanangu.”

Zile shikamoo alizosema awekewe mpaka mtoto amalize shule, alikuwa ameziitikia.

“Umepatia, Baba Imakulata,” nikamwambia. “Tuma.”