Siku Mama Chilewa Aliporudi Kazini

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Nimeshachekwa Nkuhungu, nimechekwa Nzuguni, nimechekwa na shemeji yangu akiwa anakula ugali wangu. Niliyoyaona niliyaona mchana, jua likiwaka, sijaonja pombe wala sina homa. Najua mmezoea mizimu ije usiku. Huyu alikuja saa ya chakula cha mchana.

Nilikuwa fundi wa mkanda wa kusafirishia chupa katika kiwanda cha maji ya dripu, hapa hapa Dodoma. Jina la kiwanda sitalitaja. Kilikuwa cha serikali, kikauzwa. Ufundi sikufundishwa darasani. Nilisoma vitabu vya mashine kamusi ikiwa magotini, na kwa sababu hiyo siku zote nina hofu kwamba kuna kitu kila mtu anakijua isipokuwa mimi. Ndiyo maana nakagua. Nafunga nati, naondoka, narudi kuishika tena. Nikilala naiota. Nakwambia haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuona vitu ovyo. Ninachokiona nimekitazama mpaka macho yanauma.

Katikati ya kiwanda kulikuwa na chumba cha kujazia. Chupa zilizochemshwa ziliingia humo juu ya mkanda kupitia tundu la ukutani, zikajazwa, zikafungwa, zikatokea upande wa pili. Kuingia humo unaoga, unavaa nguo nyeupe mwili mzima, glavu, kofia, kitambaa cha mdomoni. Na ukishaingia husemi neno, kwa sababu mate ni uchafu. Watu wa ndani waliongea na sisi wa nje kwa mikono, kupitia dirisha la kioo. Kiganja kikibandikwa kwenye kioo, maana yake ni moja: simamisha mkanda. Unasimamisha kwanza, unauliza baadaye.

Aliyetuzoesha hivyo ni Mama Chilewa, mama wa Kigogo mwembamba, mkaguzi wa chupa mle ndani. Aliinua chupa kwenye mwanga, akazungusha kifundo cha mkono taratibu, na ufa mwembamba kama unywele haukumpita. Kiwanda kilipouzwa, akapunguzwa. Barua alipewa getini. Hakuruhusiwa hata kuingia kuchukua kandambili zake. Mvua za mwaka huo hakuziona. Tulipokwenda kumzika, meneja alitunyima gari la kiwanda. "Huyo si mfanyakazi wetu," alisema.

Halafu meneja huyo huyo akaleta mkanda mpya. Mpya kwetu, ulikuwa umetumika katika kiwanda cha soda! Chupa ya soda ni nene, inagongwa inatulia. Chupa zetu zilikuwa nyembamba. Zilipopanga foleni kusubiri kujazwa, mkanda uliendelea kukimbia chini yake, zikasukumana, zikagongana, kelele kama meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi. Kwenye soda wanadondoshea maji ya sabuni juu ya mkanda ili chupa ziteleze. Na meneja, niamini, alitaka tufanye vivyo hivyo. Sabuni! Ndani ya chumba ambacho hata mate hayaruhusiwi, kwenye maji yanayokwenda kuingia mishipani mwa watu.

"Bosi, sabuni haiingii mle," nilimwambia.

"Nani kasema?"

"Itarukia ndani. Chupa bado hazina vifuniko."

"Wewe umesomea wapi vile?"

"Nimejisomea."

"Basi ujisomee na barua ya kuachishwa. Nikitoka kula nikute tangi lina sabuni. Gari la hospitali linakuja jioni."

Shaibu, mfungaji maboksi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, weka tu. Wagonjwa watatoka wamenawa mpaka rohoni."

Sikucheka. Meneja aliwatoa watu wa ndani, akafunga chumba, akatia ufunguo mfukoni, wote wakaenda kula. Tangi la sabuni lilikuwa upande wangu, nje; mkanda wenyewe ungeiingiza. Nikabaki na ndoo. Nilikuwa na hasira na, sitakudanganya, hofu pia, maana kazi ile ilinilisha mimi na mama yangu. Nilikuwa nimeshainua ndoo. Ndipo mkanda ukaanza kutembea.

Nikatazama swichi. Imezimwa. Mkanda unatembea. Taratibu, kwa mwendo wa zamani, na chupa hazigongani hata kidogo. Umewahi kusikia kelele uliyoizoea ikikosekana? Nikatazama dirishani.

Mtu alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe kamili. Wazo langu la kwanza lilikuwa tusi: nilidhani meneja kaingiza mtu wake bila kuniambia. Nikagonga kioo. Hakugeuka. Akainua chupa kwenye mwanga, akazungusha kifundo cha mkono. Hakuna mwingine aliyezungusha vile.

Utamwambia nini mtu uliyembebea jeneza? Mimi nilisema, "Shikamoo, mama."

Akaja mpaka kwenye kioo. Macho yalikuwa yake. Lakini mtu aliyevaa kitambaa kile, kinaingia na kutoka anapopumua. Chake hakikusogea. Akaitazama ndoo. Sijawahi kuona kiumbe kimekasirika kiasi kile bila sauti. Akabandika kiganja kwenye kioo, pa! Dirisha zima likatetemeka.

Nisimamishe nini, na swichi imeshazimwa? Hakukuwa na cha kusimamisha isipokuwa mimi mwenyewe. Nikaweka ndoo chini, nikabandika kiganja changu juu ya chake. Kioo kilikuwa cha baridi kama bati la asubuhi ya Julai. Nyuma yake chupa zikaanza kupasuka juu ya mkanda, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Kelele ziliwaleta meneja na Shaibu mbio. Meneja akatoa ufunguo, akafungua. Hakuna mtu, vipande vya chupa tu. Na kwenye dirisha, upande wa ndani, alama ya kiganja kwa poda nyeupe ya glavu. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda. Mama Chilewa aliwahi kubanwa na mashine. Kila mfanyakazi alikijua kidole kile.

"Mungu wangu," alisema Shaibu, akirudi kinyumenyume. "Huyu tulimzika."

Meneja akafuta kwa leso. Haikutoka. Akafuta kwa mkono wa shati, jasho likimtiririka. Unadhani alisema nini? "Leteni chupa nyingine. Na wewe, weka sabuni."

Alikuwa ameona! Angekuwa hakuamini, ningemsamehe. Aliamini, na bado akataka sabuni. Nikaibeba ndoo hadi uani, nikaimwaga mchangani mbele ya macho yake.

"Umejifukuza mwenyewe," alisema.

"Mfukuze na yule wa ndani basi," nikamjibu.

Shaibu ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Meneja aliweka sabuni kwa mikono yake, chupa zikapasuka kabla hazijafika kwenye tundu. Gari la hospitali likaondoka tupu. Alijaribu tena na tena, mpaka mkanda ukang'olewa. Na ile alama? Aliipaka rangi, dirisha lote, ili asiione. Sasa watu wa ndani hawana hata pa kuonekana.

Mimi kiganja changu cha kulia kina poda. Nanawa inatoka, nikikausha imerudi. Hospitali walisema ni ngozi kavu. Kanisani mtu akinipa mkono, anaupangusa kwenye suruali akidhani simwoni. Mchumba wangu hataki nimshike uso.

Nasikia meneja yule amepata kazi kwingine, kwenye maziwa ya watoto. Ninyi mnaofanya kazi chini yake, nawaonya: akikuletea kitu unachojua hakifai, kikatae siku hiyo hiyo, ukiwa na walio hai wa kukushuhudia. Usingoje marehemu aje kukuzuia. Wakija, hawarudi na hasira zao, wanakuachia. Nimeandika haya nikiwa nimekasirika, na sijui tena kama hasira hii ni yangu au ni ya Mama Chilewa.