Nilivyomsemea Mzee Luhende Redioni

Aibu hii naitoa mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kibaoni, hapa Ifakara, maana wale wataongeza chumvi. Mimi ni afisa habari wa chama cha wakulima wa mpunga, na kazi naijua (hilo sibishani na mtu), ndiyo maana siku moja kabla ya kuzindua mashine yetu ya kukoboa nilikuwa nimeshaandika taarifa kwa vyombo vya habari, mgeni rasmi amezindua, wananchi wameshangilia, nikaona bila nukuu hainogi, basi nikamtungia Mzee Luhende, mkulima wa upande wa Chita aliyekuwa kwenye ratiba ya wazungumzaji: "Mashine hii imetufuta machozi, hatuna tena la kuomba." Tamu, eh? Nikaituma redio ya mjini na embago ya saa saba, yaani wasiitangaze kabla ya hapo.

Siku yenyewe mgeni rasmi akachelewa. Kupiga simu redioni wasogeze muda sikukumbuka (nilikuwa napigwa picha), na fundi wa spika naye akafungulia redio watu wasichoke, saa saba ikagonga, tukasikia kwamba wote tumeshangilia mashine ambayo utepe wake haujakatwa. Mzee Luhende akasikia na maneno yake. Akageuka kunitazama.

Ningecheka yakaisha. Lakini mgeni alipofika muda umebana, mshereheshaji akamkata mzee kwenye ratiba, eti ameshasikika redioni. Nikamwona anakunja karatasi yake taratibu, nikamfuata.

"Mwanangu, nilikuja kuomba daraja," akaniambia. "Mvua zikianza mpunga wetu haufiki hapa. Wewe umesema sina la kuomba."

Roho iliniuma, jamani. Nikachukua kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi, bosi wangu na nusu ya Ifakara, nikasema nukuu ile nimeitunga mimi, mzee hajafungua mdomo, naomba asikilizwe. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee akasimama akasoma karatasi yake polepole, hakuruka hata mstari, na mgeni rasmi akawa anaandika.

Barua ya onyo niliipata, daraja bado hatujaliona. Kazi naijua vilevile, ila nukuu siandiki tena mpaka mtu aseme, nami nimsomee alichosema. Na Mzee Luhende nikimwamkia, kabla ya marahaba ananiuliza kwanza leo amesema nini.