Kutu Niliyoisugua

Wanaonijua wanajua: hakuna bomba lililowahi kunishinda. Shule ndiyo ilinishinda. Darasa la sita nililikalia miaka miwili, mwalimu akachoka kabla yangu. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, yeye alisoma mpaka vitabu vikamwonea huruma. Basi nilipoambiwa kazi yake ni kupiga kutu eksirei, nilicheka hadi nikakohoa.

"Si kutu tu, Mjomba," aliniambia kwenye simu. "Kuna vijidudu vinakula chuma kilichomo majini, vinatoa madini. Kila kimoja kinaacha kamba ya kutu nyuma yake, kinaisokota huku kinakwenda."

"Miaka yote hiyo ya shule, kumbe unachungulia choo cha vijidudu!"

Alicheka. Kicheko kilipoisha, nikasikia friji yake ikinguruma. Hapo nikajua hakuna mwingine chumbani. Chumba chenyewe kimoja, ghorofa ya nne, mji wa mbali. Kiti kimoja, sahani moja, kikombe kimoja.

"Wiki hii nimeongea na mtu mmoja," akasema. "Mlinzi wa geti la kazini. Kasema, 'Kadi yako.'"

Alikuwa amesubiri miezi minane apewe siku mbili kwenye hadubini ya eksirei, mashine kubwa kuliko nyumba yangu, inayopenya kutu bila kukata kitu. Alitaka kukiona kijidudu kikiwa bado kwenye ncha ya kamba yake, kikisokota. Asipokipata, utafiti wa miaka mitatu umekwama, na nafasi ni ya mwingine. Akaniomba kipande cha bomba la kisimani kwa mama yake, lile lenye utope wa rangi ya chungwa.

Nikalikata. Sasa niambie, fundi gani anayejiheshimu anampelekea mtu bomba chafu? Nililisugua kwa brashi ya waya, nikalisuuza, likang'aa kama jino la dhahabu. Nikalituma, nikakaa kungoja sifa.

Simu ikaja siku ya kwanza ya mashine, mchana.

"Mjomba, ulilisafisha?"

"Ndani na nje!"

"Nimekwangua ndani ya elbo, pale bomba linapokata kona, ambako brashi yako haikufika. Kamba zimo. Zote tupu. Wenyewe wameshaondoka."

Sauti ile niliwahi kuisikia mara moja tu: siku tuliyofunga nyumba ya dada, naye mpwa akapita chumba hadi chumba akizima taa ambazo hazikuwa zimewashwa.

Nilichukua chupa, nikaenda kwa dada. Mwaka mzima hakuna aliyeingia ila mimi siku ya kukata bomba, bawaba za lango zikanilalamikia. Kisimani nikachota utope pamoja na maji yake, mkono ukiniwasha kwa hamu ya kusugua. Kesho yake nikapanda basi la kwanza, chupa mapajani kama kichanga.

"Unakwenda kwa nani, mzee?" mlinzi akauliza.

"Kwa yule uliyemwambia 'kadi yako'."

Mpwa alichukua tone moja, akalibana kati ya tando mbili nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akalifungia nyuma ya mlango mzito. Eksirei ikiwaka haitaki mtu ndani. Tukakaa nje mbele ya kioo cha kompyuta. Saa nane, saa tisa. Kamba tupu, kamba tupu.

"Nyumba za kupanga hizi," nikasema. Hakucheka.

Ilipokaribia saa kumi, alinishika mkono. Kamba nyeusi, ndefu, imejisokota kioo kizima. Na mwishoni punje ya kijivu, mfano wa haragwe.

"Mwenyewe huyo?"

"Mwenyewe."

"Na kamba yote hii kaisokota peke yake?"

"Peke yake, Mjomba."

Nilikuwa na mzaha mdomoni. Nikaumeza.

Jioni, chumbani kwake, nilipewa kiti. Yeye akakaa kitandani, akapiga stori mpaka sauti ikakwaruza, na chai tukainywa kwa kupokezana kikombe.