Shuhuda za Maji ya Chumvi

Kosa lilikuwa langu. Majira yote ya baridi nilikuwa nikichunguza historia ya mji mmoja mdogo, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Toronto, ambako zamani watu walikwenda kuoga maji ya chumvi ya kisimani ili wapone baridi yabisi, upele na kukosa usingizi. Jioni nilimsomea mama barua za shukrani za wagonjwa hao, nikizitafsiri hapo hapo mezani, kwa sababu zilinichekesha. Yeye hakucheka.

Mama alikuwa akingojea kubadilishwa goti, na alikuwa amengoja sana. Hospitali ilitaka jibu kufikia Ijumaa: anakuja, au nafasi apewe mwingine. Jumatatu akatangaza kwamba haendi.

"Nipeleke kwenye hiyo chumvi."

"Mama, mabafu yalibomolewa. Pale sasa watu wanaegesha magari."

"Na kisima?"

"Walikifukia."

"Basi kifukuliwe. Si wewe ndiye mtafiti?"

Nikarudi maktaba, kwenye chumba cha nyaraka, ambako unapewa jalada moja moja na kalamu unaiacha mlangoni. Kila kitabu kilisema maji yaliponya, na kila kimoja kilitegemea kitabu kilichokitangulia, hadi nikafika mwanzo wa yote: kijitabu cha matangazo cha hoteli yenye mabafu. Hakukuwa na daftari la daktari yeyote. Jumatano nikamweleza mama haya yote kwa mpangilio, chanzo baada ya chanzo, naye akimenya viazi.

"Umemaliza? Umesema hujapata ushahidi. Hujasema ni uongo."

Hapo hakukosea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi nilimwachia tafsiri za barua zote, safari hii kwa maandishi, azisome mwenyewe, nikaenda chumbani kabla sijasema neno la kujutia. Sikukumbuka kwamba kwa miaka mingi, kanisani kwetu Kenya, mama ndiye aliyewasikiliza kwanza waliotaka kutoa ushuhuda, akaamua nani asimame Jumapili na nani arudi nyumbani akafikiri tena. Baada ya nusu saa akaniita.

"Hawa wote ni mtu mmoja."

"Zimetiwa sahihi tofauti, mama."

"Achana na sahihi. Mtu aliyepona atakueleza ugonjwa wake mpaka uchoke. Atakwambia alilala ameketi, mkewe alimvisha soksi. Hawa wanaumwa mstari mmoja tu, halafu ni chakula, vitanda na bustani. Nisingewapa hata dakika mbili."

Majira mazima ya maktaba, na yeye alihitaji miwani tu.

"Kwa hiyo utakwenda hospitali?"

Akazipanga karatasi polepole, pembe kwa pembe. "Maji hayana kisu," akasema. "Ndiyo maana niliyapenda."

Ijumaa asubuhi tukapiga simu. Tukasikilizishwa muziki mpaka chai ikapoa. Karani alipopatikana, alitaka neno moja, ndiyo au hapana. Mama akamuuliza kwanza daktari atakayempasua ameshafanya magoti mangapi, na siku ya upasuaji atakuwa ameamka saa ngapi. Nikamwashiria afupishe. Akanigeuzia mgongo.

"Ndiyo," akasema hatimaye. "Lakini mwambie daktari aje amekula."